Banda la nguruwe lipite ukaguzi: hatua kwa hatua kwa mfugaji mdogo

Maswali ni yale yale. "Sheria inataka mita ngapi kwa nguruwe mmoja?" "Kumfunga kamba mguuni ni kosa?" "Afisa mifugo kasema banda langu halifai, nianzie wapi?" "Naruhusiwa kumbeba kwenye bodaboda?" Nimeyajibu vipande vipande mara nyingi, sasa nayapanga hapa kwa mtiririko wa kazi yenyewe. Namlenga mfugaji wa Tanzania mwenye nguruwe wawili hadi hamsini hivi. Mwenye mia tano ana daktari wake wa mifugo, amuulize huyo.

Kuhusu sheria nitasema machache. Kubwa ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Pembeni yake kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003, ambayo ndiyo yenye mambo ya karantini na vibali vya kusafirisha, na Sheria ya Tasnia ya Nyama Na. 10 ya 2006 inayohusu machinjio na biashara ya nyama. Halafu kuna sheria ndogo za halmashauri yako, na hizi zinatofautiana: mtaa mmoja unaruhusiwa kufuga, mtaa wa pili hapana. Kabla ya kununua hata tofali moja, nenda ofisi ya kata ukaulize.

Sheria ya ustawi haikuja na futi kamba. Inachotaka ni kwamba mnyama asiteseke bila sababu: apate maji na chakula, mahali pa kulala pakavu, atibiwe akiugua, aweze kusimama, kugeuka na kulala kama nguruwe, na asiishi kwa hofu na kipigo. Kwa hiyo vipimo utakavyoviona hapa chini ni vya kitaalamu. Pale ninapotumia kiwango cha Ulaya nitasema, kwa sababu wale wameviandika kwa namba na vinasaidia kupima.

Andaa haya kwanza

- Futi kamba ya fundi
- Chupa tupu ya nusu lita na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Daftari gumu na kalamu ya wino
- Tochi
- Gamu buti za bandani tu, zisizokwenda sokoni
- Beseni na dawa ya kuua vijidudu ya kukanyagia mlangoni
- Maranda au majani makavu, angalau magunia mawili
- Chokaa
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata, iliyoandikwa ukutani siyo kwenye simu yako tu. Siku nguruwe akianguka huenda uko safarini na aliyebaki nyumbani ni kijana wa kazi.

Hela kubwa huhitaji bado. Mengi yanayowafanya watu waandikiwe makosa yanarekebishwa kwa jembe, ndoo na nusu siku ya fundi.

Hatua ya 1: Anza na nguruwe, banda baadaye

Ingia taratibu asubuhi kabla ya kulisha. Simama kimya kidogo. Nguruwe mzima anaamka, anakusogelea, anakunusa viatu. Anayebaki amelala wenzake wakiinuka, huyo ndiye wa kumulika tochi.

Kagua kila mmoja kuanzia puani hadi mkiani: anachechemea? Ngozi ina magamba na anajikuna ukutani? Mkia una kidonda? Mbavu na mifupa ya nyonga inaonekana kwa macho? Kama ukibonyeza kidogo mgongoni unaupata uti wa mgongo mkali kama ukingo wa meza, amekonda.

Sasa suala la kamba. Nguruwe aliyefungwa mguuni siku nzima ndiye anayewaponza wafugaji wengi. Pitisha kidole kati ya kamba na ngozi. Kikigoma kupita, au kikitoka na unyevu na harufu, kamba imeshakata nyama. Ifungue leo hii, safisha kidonda, muite mtaalamu. Na usimhamishie kamba mguu wa pili! Dawa ni uzio au banda, hata la miti. Kamba ni ya kumpeleka mahali kwa muda mfupi, basi.

Hatua ya 2: Maji

Wengi wanaamini maji yaliyomo kwenye uji wa pumba yanatosha. Hayatoshi. Nguruwe anayekua anakunywa karibu lita 1 kwa kila kilo 10 za uzito wake kwa siku. Mama anayenyonyesha anaweza kumaliza lita 20 hadi 40. Akikosa maji, maziwa yanapungua, watoto wanadhoofu, halafu tunasema "mbegu mbaya".

Kama unatumia koki za kunywea, zile anazozibonyeza nguruwe kwa mdomo, zipime. Bonyeza koki, kinga kwa chupa ya nusu lita, hesabu sekunde. Kwa mama anayenyonyesha chupa ijae ndani ya sekunde 15. Kwa nguruwe wa kunenepesha, sekunde 30. Kwa waliotoka kuachishwa ziwa, dakika 1 ni mwisho. Ikichelewa, fungua koki utoe mchanga na kutu, au inua tangi.

Kama unatumia birika la saruji, lijaze asubuhi, mchana na jioni, na ulisugue kila siku. Weka ukingo au nondo juu ili wasilale ndani. Nguruwe mwenye joto hana adabu na maji ya kunywa.

Mkaguzi akija saa 8 mchana akakuta birika kavu, maelezo yako kwamba "asubuhi yalikuwepo" hayatakusaidia.

Hatua ya 3: Sakafu na nafasi

Pima urefu na upana wa chumba, zidisha, kisha toa eneo la kihondi cha chakula. Kinachobaki ndicho anachoishi.

Kiwango cha chini cha Umoja wa Ulaya kwa nguruwe wa kilo 85 hadi 110 ni mita za mraba 0.65; kwa kilo 30 hadi 50 ni 0.40. Hivyo ni vya chini kabisa, na vimewekwa kwa nchi zenye baridi ambako sakafu nyingi zina matundu ya kupitisha kinyesi. Kwa joto letu na sakafu za saruji, nashauri mita za mraba 1 hadi 1.2 kwa kila nguruwe wa kuuza. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinabeba kumi vizuri. Ukiweka ishirini watakula, ndiyo, ila watang'atana, watalala kwenye kinyesi, na uzito utasuasua.

Kihondi kiwe na sentimita 30 hadi 35 kwa kila nguruwe mkubwa ili wote wale kwa pamoja. Ukiona mmoja anasubiri wenzake washibe, nafasi haitoshi.

Sakafu ijaribu kwa ndoo. Mwaga ndoo moja ya maji upande wa juu, angalia yanakwenda wapi. Yakitulia katikati na kufanya dimbwi, mteremko haupo. Fundi aweke sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita 1, kuelekea mfereji. Na mwambie asipige sakafu laini kama ya sebuleni! Ipigwe kwa fagio kabla haijakauka ili kwato zishike. Sakafu ya kuteleza inavunja nyonga za mama wajawazito. Sakafu yenye kokoto zilizochomoza inachana kwato na magoti ya watoto. Vyote viwili vinahesabika kama kumuumiza mnyama.

Sehemu ya kulala iwe kavu, tandika maranda au majani makavu. Nguruwe akipewa nafasi hujisaidia kona moja, mbali na anapolala. Msaidie kwa kuweka maji upande huo wa choo na matandiko upande mwingine.

Hatua ya 4: Joto na hewa

Nguruwe hatoi jasho la kumpoza. Hali ya hewa ikizidi nyuzi 27 hivi, mkubwa anaanza kuteseka, na wafugaji wa Dar es Salaam, Pwani na Morogoro mnajua mwezi wa pili unavyokuwa. Mhesabu pumzi akiwa amelala: zikizidi 40 kwa dakika, ana joto kali.

Inua paa, acha nusu ya juu ya ukuta wazi, panda mti au weka makuti juu ya bati. Mchana nyunyizia maji mabegani na mgongoni, uache yakauke, kisha rudia. Aliyeanguka kwa joto usimmwagie ndoo ya maji ya barafu kichwani. Mpeleke kivulini, mloweshe pole pole, mpepee. Nguruwe weupe, hasa wa mbegu za Large White na Landrace, wanaungua na jua hadi ngozi inabanduka, kwa hiyo uwanja wa nje bila kivuli ni kosa hata kama ni mkubwa.

Kwa hewa, chuchumaa hadi pua yako ifike usawa wa pua ya nguruwe aliyelala. Macho yakianza kuwasha, yeye anaishi humo saa 24. Toa kinyesi kila siku na fungua ukuta zaidi.

Hatua ya 5: Chakula

Pumba za mahindi peke yake zinajaza tumbo na kumkondesha. Changanya na mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa au dagaa, chokaa ya mifugo, chumvi na mchanganyiko wa vitamini. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe, hata kama "nguruwe anakula chochote".

Makombo ya hotelini ndipo penye hatari. Yakiwa na mabaki ya nyama ya nguruwe yanaweza kukuletea homa ya nguruwe ya Afrika moja kwa moja. Ushauri wangu ni uyaache. Kama huna namna, yachemshe dakika 30 huku unakoroga, na chombo kilichobeba mabichi kisiguse yaliyoiva.

Hatua ya 6: Mama na watoto

Hapa ndipo wanyama wengi wanapopotea, na ndipo ustawi na mfuko wako vinakwenda pamoja kabisa.

Mimba ni siku 114: miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Andika tarehe ya kupandwa ili usibahatishe. Wiki moja kabla, mhamishie chumba cha kuzalia kilichooshwa na kukauka. Mpe majani makavu. Siku ya mwisho utamwona anayabeba mdomoni na kuyapanga. Mwache ajenge kiota chake, humtuliza.

Vizimba vya chuma vinavyombana mama asigeuke watu wanaviona kwenye video na kutaka kuviiga. Usianze navyo. Weka reli za bomba au mti mgumu kuzunguka kuta, sentimita 25 kutoka chini na sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani. Mama akijitupa kulala, watoto wanapata uchochoro wa kukimbilia. Kona moja izibwe iwe ya watoto tu, yenye mlango mdogo ambao mama hapiti, na taa ya joto.

Watoto wakizaliwa wanahitaji nyuzi 32 hadi 34, mama anataka kama 20. Ndiyo maana wanatenganishiwa kona. Ning'iniza taa kwa waya au mnyororo, siyo kwa waya wake wa umeme, sentimita 60 hivi juu ya matandiko. Huna kipimajoto? Waangalie wenyewe. Wakirundikana mmoja juu ya mwingine, wana baridi: shusha taa. Wakikimbilia mbali na taa, wana joto: ipandishe. Wakilala ubavu kwa ubavu, acha hapo hapo. Jiko la mkaa ndani ya banda lililozibwa usiweke kabisa. Moshi wake unaua kimya kimya, na majani yakishika moto hutaokoa kitu.

Hakikisha kila mtoto amenyonya maziwa ya kwanza ndani ya saa 6. Wadogo wape ziwa la mbele, lina maziwa mengi. Siku ya 3 hadi ya 5 wachomwe madini ya chuma, miligramu 200 kila mmoja, kwenye msuli wa shingo. Watoto wa bandani wasipopata chuma wanakuwa weupe masikioni na kuhema ovyo.

Kuwaachisha ziwa: kabla ya siku 28 ni mapema mno. Kwa mfugaji asiye na chakula maalumu cha watoto, wiki 6 hadi 8 ni salama zaidi.

Hatua ya 7: Kazi zinazouma

Kuhasi kufanyike wiki ya kwanza ya maisha, na mtu aliyefundishwa, kwa wembe mpya na dawa ya kuua vijidudu. Aliyezidi hapo apate sindano ya ganzi kutoka kwa daktari wa mifugo. Kumkamata dume wa miezi minne, vijana wanne wakamkalia na kisu cha jikoni kikafanya kazi, huo ni ukatili kwa sheria na kwa macho ya yeyote anayepita.

Mikia na meno usikate kwa mazoea. Ulaya wamekataza kukata mikia kama desturi ya kila uzao. Inabidi kwanza utafute kwa nini wanang'atana.

Hatua ya 8: Uzio, wageni na magonjwa

Nguruwe wanaozurura wanakula kinyesi cha binadamu na kupata minyoo ya tegu, ambayo hurudi kwetu na kuingia hata kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mbulu na Mbozi ni kati ya maeneo ambako tatizo hili limechunguzwa sana. Kwa hiyo wafungie ndani, na nyumba nzima itumie choo. Kwenye mitaa ya watu mchanganyiko, nguruwe asiyeonekana kwa jirani ni nusu ya amani yako.

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na hapa kwetu hakuna chanjo ya kutegemea. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hadi leo silaha ni zile zile: mlango. Mnunuzi asiingie bandani kuchagua. Mtoe nguruwe nje amwone. Miguu ikanyage beseni la dawa. Nguruwe mpya akae peke yake siku 30. Dume la kuazima kijijini ni njia ya mkato ya kuhamisha ugonjwa, na linaweza kumaliza mabanda yote ya jirani.

Ukichoma dawa yoyote, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na uziandike.

Hatua ya 9: Daftari

Chora safu sita: tarehe, nguruwe yupi, kimetokea nini, dawa gani na kiasi gani, nani kafanya, siku ya kuruhusiwa kuchinja. Vifo viandike pia, hata vya watoto wa siku moja. Daftari lenye vifo linaaminika kuliko safi lililojazwa usiku wa kuamkia ukaguzi kwa wino mmoja na mwandiko mmoja. Wakaguzi wanalijua hilo.

Hatua ya 10: Usafiri

Jibu la bodaboda: hapana. Nguruwe aliyefungwa miguu minne, akalazwa chali nyuma ya pikipiki na kichwa kikining'inia juani, huko ni kuvunja sheria ya ustawi waziwazi. Kwenye gunia ni vilevile.

Taratibu inakwenda hivi. Kwanza kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa mtaalamu wa mifugo wa serikali. Siku hizi vinatolewa kupitia MIMIS, mfumo wa kielektroniki wa wizara ya mifugo, na afisa wako wa kata anaujua. Kama wilaya iko kwenye karantini, hakuna kibali, na nyama nayo haitoki. Usitafute njia ya panya.

Asipewe chakula kwa muda wa saa 12 hivi kabla ya safari, maji yaendelee hadi dakika ya mwisho. Nguruwe aliyeshiba anatapika na kufa njiani.

Ngazi ya kupandia isizidi mwinuko wa nyuzi 20. Kwa lugha ya fundi: kila mita 1 ya kimo cha gari, ubao uwe na urefu wa mita 3, wenye vipande vya mbao vya kukanyagia na kuta za pembeni. Bodi ya gari iwe na maranda au mchanga, na turubai la kivuli juu huku pembeni kukiwa wazi.

Idadi: kiwango cha Ulaya ni kilo 235 kwa mita moja ya mraba. Kwa joto la hapa, nguruwe wawili wa kilo 100 kwa mita ya mraba wanatosha. Wasiofahamiana tenganisha kwa ubao, la sivyo watapigana tangu Mikumi hadi Kimara. Safiri usiku au alfajiri. Na gari likisimama, lisisimame juani. Nguruwe ndani ya gari lisilotembea hapati upepo na anapika taratibu wakati dereva anakunywa supu.

Asiyeweza kusimama mwenyewe hasafiri. Jike aliyekaribia kuzaa naye hasafiri.

Hatua ya 11: Kuchinja

Peleka machinjio yaliyosajiliwa, ambako nyama inakaguliwa. Uliza swali moja kabla ya kukubali bei: mnamzimishaje? Jibu zuri ni koleo za umeme kichwani au kile chombo kinachopiga paji la uso kwa kishindo kimoja, kisha damu inatolewa haraka. Kwa umeme, ndani ya sekunde 15. Aliyezimika vizuri hapepesi jicho likiguswa, hahemi kwa mpangilio na hajaribu kuinuka. Nyundo, shoka, na kuchoma kisu mnyama akiwa macho ndivyo vinavyowapatia wenye kitimoto kesi. Tena nyama ya nguruwe aliyehangaika inakuwa na majimaji na rangi iliyopauka. Mnunuzi anayejua ataishusha bei.

Hatua ya 12: Mkaguzi akija

Muombe kitambulisho, mvalishe gamu buti za wageni, mpitishe kwenye beseni. Anza naye kwa watoto wadogo, malizia kwa wagonjwa, ili asibebe ugonjwa. Usimfiche mnyama mgonjwa: mwoneshe, na umwoneshe daftari lenye tarehe uliyoita mtaalamu. Akikuandikia kasoro, omba ziandikwe kwenye karatasi pamoja na muda wa kurekebisha. Saini, piga picha kabla na baada ya kurekebisha.

Ikikwama

*Wanang'atana mikia.* Mtoe aliyejeruhiwa na mng'ataji, kila mmoja kivyake. Halafu angalia kwa mpangilio huu: maji, msongamano, chumvi kwenye chakula, hewa, joto. Wape kitu cha kutafuna: majani ya migomba, matawi mabichi, gunia la katani lililoning'inizwa. Mnyororo mtupu wanauchoka siku ya pili.

*Mama analalia watoto licha ya reli.* Mara nyingi watoto wana baridi na wanajibana kwake. Ongeza joto kwenye kona yao siku tatu za kwanza. Angalia pia kama mama anachechemea. Mwenye maumivu hujitupa kwa ghafla.

*Mama anang'ata watoto wake.* Waweke pembeni kwenye boksi lenye joto hadi amalize kuzaa, punguza kelele na watu, kisha warudishe akiwa amelala ananyonyesha. Akirudia uzao wa pili, muuze.

*Wanajikuna hadi damu.* Huenda ni upele wa ngozi. Sindano ya ivermectin kwa kipimo cha mtaalamu, kwa nguruwe wote siku moja, na matandiko yote yachomwe. Ukitibu mmoja mmoja hutamaliza.

*Anagoma kupanda gari.* Weka fimbo chini. Kapige tochi ndani ya gari. Nguruwe haingii gizani. Chukua ubao mpana wa kumsukumia kwa nyuma na wapande wawili wawili. Kumvuta masikio na mkia kunamfanya arudi nyuma zaidi.

*Jirani analalamika harufu.* Toa kinyesi mara mbili kwa siku, funika shimo kwa majani makavu na chokaa, elekeza mfereji mbali na njia ya watu. Halafu mpelekee mbolea ya bustani, kama anaitaka. Akifika kwa mtendaji kabla hujamfikia wewe, mazungumzo yanakuwa magumu.

*Sina hela ya kujenga upya.* Punguza idadi. Uza watatu, waliobaki wapate nafasi, na hela hiyo inunue saruji ya mteremko na tangi. Mkaguzi hamhukumu mtu kwa banda la miti. Anaangalia kama ni kavu, lina kivuli, na nguruwe ana maji.

*Wawili au watatu wamekufa ghafla, masikio na tumbo vimekuwa vyekundu au zambarau, wana homa kali.* Acha kila kitu. Usichinje, usiuze, usigawie hata mbwa. Funga mlango, asitoke mtu na viatu vya bandani, piga ile namba ya ukutani. Mizoga ifukiwe kwenye shimo la mita 2 hivi lenye chokaa, chini ya maelekezo ya mtaalamu wa mifugo, baada ya yeye kuchukua sampuli.